Somo: Kupeleka piki Marsabit hadi North Horr na mzee wako wakati wa matope

Habari zenu ndugu. Wengi mmeniuliza vile mimi na mzee wangu, yaani baba, ana miaka 64, tulifika North Horr huku kaskazini mwa Kenya kila mtu na piki yake mwezi wa nne na mvua ilikuwa imeshashika, basi naandika yote hapa.

Hatua ya 1. Isiolo hadi Marsabit ni lami, hapo sina la kufundisha. Shida inaanza ukiacha lami ya Moyale ukashika upande wa Maikona, kwanza mawe meusi ya volkano halafu jangwa la Chalbi lenyewe. Kabla hujatoka Marsabit tafuta madereva wa malori waliotoka huko jana, sio wiki iliyopita. Kama wao wamezunguka na wewe zunguka.

Hatua ya 2. Toa madigadi ya mbele. Udongo wa huko unashika kama ugali wa moto, unajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka na injini inanguruma tu. Upepo wa tairi punguza kidogo, ukizidisha yale mawe yatakupiga pancha. Beba tubu ya akiba, pampu, kiungo cha cheni, mafuta lita 5 za ziada kila mtu. Maji yawe mengi kuliko mafuta.

Hatua ya 3, na hii ndio naomba mshike: mzee atangulie. Ukienda mbele wewe hujui ameanguka saa ngapi, na yeye atakaza mwendo asikucheleweshe, mzazi hakwambii amechoka. Wangu alikuwa anasema "twende tu" na mkono wa klachi unatetemeka naona kabisa. Nikaanza kusimama kila dakika 40 nasema mimi ndio nimechoka, baba naomba tupumzike. Akakubali kila mara.

Hatua ya 4. Chalbi juu ni nyeupe ya chumvi, imepasukapasuka, utaapa imekauka. Nilikuwa nishatia gia ya pili mzee akanyoosha mkono nisimame, akashuka, akakanyaga kwa kisigino, kiatu kikazama hadi kifundo na maji yakatoka pembeni. Tukarudi Kalacha kwenye chemchemi tukalala, jua likapiga kutwa nzima, kesho yake tukapitia ukingoni penye mawe na nyasi, gia ya pili, mwendo uleule, breki ya mbele huigusi. Ukizama usivute mafuta utajichimbia, zima, laza piki ubavu, jaza mawe kwenye shimo halafu msukume wawili.

MASWALI

Piki ya cc ngapi?
150 inatosha. Ile kubwa ikilala kwenye matope wewe na mzee wako hamuiinui.

Mtandao uko?
Kwenye miji ndio, katikati hamna. Mwachie mtu wa mahali mnapolala saa mnayotarajia kufika kule mbele, na mumpigie mkifika.

Kaka mimi ni mama yangu ndiye anapanda, tena kunishinda, ila ana shida ya goti. Itawezekana?
Itawezekana dada, lakini mwambie asitoe miguu kusawazisha piki kwenye matope, hapo ndio goti linageuka. Akiona inalala aiache ilale. Na nendeni wakati wa kiangazi kwanza muijue njia.

Mzee atarudi tena?
Fundi alitaka kumrudishia madigadi wiki jana, akamwambia aache kwanza.