Somo: Idi ya watoto isiyokuingiza kwenye madeni

Kumi la mwisho la Ramadhani likiingia, maduka ya nguo yanafurika na wazazi tunaanza kukopa. Nguo mpya mtoto ataifurahia, sikatai, ila mwakani haimtoshi. Atakachokudai mwakani ni ile kazi yake ya Idi. Kwa hiyo hapa nafundisha kazi tu.

Hatua ya 1: Apime fitri. Zaka ya fitri, yaani chakula cha kuwapa maskini, hutolewa kwa kila aliyemo nyumbani, hata kichanga, kabla ya swala ya Idi. Wengi wetu hupima pishi moja, kilo mbili na nusu hivi za mchele, kwa mtu. Usiagize mfuko uliofungwa dukani. Mwaga mchele kwenye sinia, mpe mtoto kibaba (kipimo cha robo pishi), ahesabu vinne vya pishi ya bibi, vinne vya mdogo wake, mpaka nyumba iishe. Kisha nenda naye kuipeleka. Simu ya kupigia picha iache nyumbani.

Hatua ya 2: Visheti. Anza siku mbili tatu kabla, maana usiku wa mwezi kuandama ni vurugu tupu. Chukua nusu kilo ya unga wa ngano, vijiko vinne vikubwa vya samli (mafuta ya kawaida pia yanafaa), hiliki na chumvi kidogo. Sugua samli kwenye unga mpaka ukiufumbata unashikana, ndipo utie maji ya vuguvugu kidogo kidogo. Ukande uwe mgumu kuliko wa chapati, ufunike nusu saa.

Sasa waite watoto, kila mmoja na uma wake. Anachukua kidonge cha kiasi cha karanga, anakibandika mgongoni mwa uma, anakikandamiza kwa kidole gumba huku akikivuta. Kinajikunja chenyewe, na mistari inabaki mgongoni. Vya kwanza vitakuwa mabonge. Usivirekebishe, vikaange hivyohivyo. Mtoto atavitafuta vyake sahanini.

Kukaanga ni kwa mkubwa, moto wa wastani, mpaka viive rangi ya kahawia hafifu. Shira ni vikombe viwili vya sukari kwa kimoja cha maji. Ichemshe mpaka tone lililopoa ukilivuta kwa vidole litoe uzi. Epua, mimina visheti, geuza bila kupumzika hadi sukari ikauke iwe nyeupe. Ukisimama katikati vinagandana.

Hatua ya 3: Sahani za majirani. Watume wawili wawili, wapige hodi, wasalimie, waseme wametumwa na nani. Jirani wa dini yoyote. Sahani itarudi na kitu, kwa kuwa kurudisha sahani tupu kwetu ni aibu.

Hatua ya 4: Mkono wa Idi. Tafuta chenji mapema, sarafu za mia mbili na mia tano zinatosha. Mtoto apite kwa wakubwa, atoe shikamoo, apokee. Na jamani, kina mama, ile "lete nikutunzie" tuiache mwaka huu.

MASWALI YA WANACHAMA

*Dada, visheti vyangu vinavunja meno. Nakosea wapi?*
Samli ni kidogo, shoga, au mafuta yana moto mkali: nje vinaiva, ndani bado. Ongeza kijiko kimoja cha samli na upunguze moto.

*Wangu ana miaka mitatu. Afanye nini?*
Mpe donge lake la unga achezee, na awe msimamizi wa kuhesabu sahani. Jikoni wakati wa kukaanga asikaribie.

*Mume wangu ni Mkristo, nyumba ina sikukuu mbili. Nipike visheti na Krismasi?*
Usipike. Krismasi ipe kazi yake, mfano watoto wasukume chapati za mkesha. Kila sikukuu ibaki na harufu yake.

*Sisi tuko Birmingham, Idi huangukia siku ya shule.*
Shule za Uingereza hutoa ruhusa kwa siku ya ibada, ila omba mapema. Kwa kuwa mwezi hauna miadi, taja tarehe zote mbili zinazowezekana kwenye barua. Visheti vipikeni Jumamosi ya kabla yake. Vikikaa kwenye kopo lenye kifuniko haviharibiki. Fitri mkiituma nyumbani, itumeni mapema igawiwe kabla ya swala.