Kupiga pozi jukwaani: anza na miguu

Majaji wa kutunisha misuli hawaulizi unanyanyua kilo ngapi. Wanahukumu wanachokiona, na ndivyo ilivyo tangu mwanzo. Mwaka 1901, mtunisha misuli Eugen Sandow alipoandaa shindano lake katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London, aliketi kwenye uamuzi pamoja na mwandishi Arthur Conan Doyle na mchongaji sanamu Charles Lawes. Sandow alikuwa amejipatia jina kwa kuiga misimamo ya sanamu za kale, na sanamu huanzia kwenye nyayo. Pozi nayo ni hivyo hivyo.

Anza mazoezi ya pozi wiki 12 kabla ya shindano, dakika 15 hadi 20 kila siku. Mashirikisho mengi yana pozi saba au nane za lazima, kwa hiyo pata kanuni za shindano lako kwanza.

Pozi ya bisepsi (misuli ya mbele ya mkono wa juu) mbili kwa mbele ndiyo inayofichua makosa mengi kuliko zote. Tenganisha miguu kidogo, bana unyayo sakafuni na ukaze mapaja kabla hujainua mkono hata mmoja. Vuta tumbo ndani, tanua mabawa (misuli mipana iliyo chini ya makwapa), kisha inua viwiko hadi usawa wa mabega au juu kidogo. Kunja ngumi na uzipindishe kuelekea chini ili bisepsi ijikusanye. Wengi huvuta viwiko nyuma wakidhani kifua kitatokeza zaidi. Badala yake mabawa hufichika na kiuno huonekana kipana. Visogeze mbele sentimita chache tu, umbo litarudi.

Ukigeuka nyuma kwa pozi hiyo hiyo, peleka mguu mmoja nyuma, simamia vidole vyake na ukaze shavu la mguu. Sasa egemea nyuma kidogo. Majaji huwa wamekaa chini ya usawa wa jukwaa, hivyo ukisimama wima kabisa sehemu ya juu ya mgongo inawapotea.

Kifua kwa ubavu: kunja goti la mguu ulio upande wa majaji, simamia vidole, kisha bana paja hilo dhidi ya lenzake ili msuli wa nyuma ya paja utokeze. Kunja mkono wa upande huo pembe mraba na ushike kifundo chake kwa mkono mwingine. Jaza kifua hewa, halafu geuza kiwiliwili kidogo kuwaelekea.

Kwenye kutanua mabawa, kosa ni moja: mabega kupanda hadi masikioni. Yashushe kwanza, kisha sukuma viwiko mbele. Traisepsi (msuli wa nyuma ya mkono wa juu) kwa ubavu inahitaji mkono ulionyooka kabisa. Kwa tumbo na mapaja, mikono ikiwa nyuma ya kichwa, toa hewa yote ndipo ukunje kiwiliwili. Ukiwa umejaza hewa, misuli ya tumbo haichoreki.

Shikilia kila pozi sekunde 10 mwanzoni, uongeze taratibu hadi 30, kwa sababu kwenye ulinganisho wa washindani jaji anaweza kukuita tena na tena. Usibane pumzi, vuta pumzi fupi fupi za juu ya kifua, la sivyo uso utaiva na kizunguzungu kitakuja. Ukianza kutetemeka, punguza mkazo kidogo, kwani unakaza kupita unavyoweza kuhimili.

Tumia kioo kwa wiki za mwanzo tu. Jukwaani hakuna kioo, na aliyekizoea hujikuta akiinamisha kichwa kujikagua. Wiki sita za mwisho kifunike, jirekodi kwa simu iliyowekwa chini kwenye usawa wa macho ya majaji, na utazame video baada ya kumaliza.

Misuli ikikakamaa ghafla, acha pozi, nyoosha msuli huo polepole na unywe maji. Kujinyima maji siku za mwisho ili ngozi ibane ni hatari: huleta mikakamao hiyo, na kunaweza kuvuruga mapigo ya moyo.