Kabla hujaziba korongo kwa tuta la udongo

Mombasa mwezi wa tano ndio wenye mvua kubwa, basi tuta likamilike kabla masika hayajaingia. Kibali kiko Mamlaka ya Rasilimali za Maji, mambo ya mazingira NEMA. Usiruke.

Udongo: lowesha konzi moja, uviringe kama uzi. Ukikatikakatika, huo ni mchanga, tafuta mfinyanzi. Kwangua udongo wa juu wenye mizizi, kisha shindilia kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20. Miti juu ya tuta, hapana.

Sasa bomba. Korongo letu huko Jomvu hushusha mifuko, vifuu, hata magodoro, tukaweka bomba lenye nondo mdomoni ili maji yapite, taka zibaki. Rola haikuweza kusogea karibu na bomba, kijana akashindilia kwa miguu. Mimi nimesimama natazama, nikanyamaza. Jua kali, na pesa zimekwisha. Masika ya kwanza salama. Ya pili nikaona unyevu upande wa chini, ubavuni mwa bomba, upana wa sinia. Maji yake safi. Mzee jirani akaniambia, "Hilo jasho tu, mwanangu." Siku ya tatu nikakinga gilasi: rangi ya chai ya maziwa. Ukiona hivyo, tuta lenyewe ndilo linalotoka. Kufikia alfajiri shimo lilikuwa la kuingia mtu, na banda la kuku la yule mzee halikuonekana tena.

Kwa hiyo kando ya bomba shindilia kwa mkono, kwa gogo, tabaka nyembamba, udongo ukiwa na unyevu kidogo. Simama hapo mwenyewe. Upande wa kutokea maji, lizungushie mchanga safi unaochuja.

Nondo zisafishwe kila baada ya mvua. Mai Mahiu, Aprili 2024, taka ziliziba kalavati chini ya reli, maji yakajaa nyuma yake mpaka yakapasua usiku watu wamelala. Ndiyo maana lazima uchimbe njia pana ya pembeni ya maji yaliyozidi, kwenye ardhi asilia, si juu ya tuta.

Tope lizolewe kila kiangazi. Mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa usivichekee. Mbuzi wasipande, watoto wasiogelee. Na namba za wanaokaa chini ya korongo ziwe kwenye simu yako, si ya mwenyekiti peke yake, maana yeye usiku huizima.