Jinsi ya kukagua taler ya Schlick kabla hujatoa pesa

Taler (sarafu kubwa za fedha) za akina Schlick, ukoo wa makabaila, zilianza kufuliwa mwaka 1520 huko Joachimsthal, Bohemia (leo Jáchymov, Ucheki), kwa fedha ya migodi yao wenyewe. Mwaka 1528 Mfalme Ferdinand akawapokonya haki hiyo. Ni za miaka michache tu, ndiyo maana waghushi hawaziachi.

1. Usiisafishe. Weusi wake umekuja kwa miaka, na ukiusugua umeshusha bei.

2. Pima uzito kwa mizani ya sonara. Iliyo nzima ina takriban gramu 29 na upana wa milimita 40 hivi. Ikikosa gramu tatu au nne, muulize muuzaji zimekwenda wapi.

3. Ipime majini. Hatua hii ndiyo ninayoiamini kuliko zote. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba izame bila kugusa chini wala pembeni. Gawanya uzito mkavu kwa namba unayoisoma: 29.2 kwa 2.83 ni kama 10.3, na hapo ndipo fedha ya taler hizi inapoangukia. Shaba ikichanganywa na nikeli hutoa 8.9. Ikiwa na tundu lililozibwa, jibu linaweza kuyumba.

4. Kagua ukingo kwa lenzi. Zilifuliwa kwa nyundo, kwa hiyo usitarajie duara kamili. Mstari mwembamba unaozunguka ukingo wote, au vishimo vya mapovu usoni, ni dalili ya kusubiwa. Angalia pia sehemu ya juu: taler nyingi zilivaliwa shingoni, na alama ya kulehemu hubaki.

5. Picha iwe ya mwisho, maana ndiyo rahisi kuigiza. Upande mmoja ni Mtakatifu Joakimu na ngao ya Schlick, wa pili simba wa Bohemia na jina LVDOVICVS, yaani Mfalme Ludwig. Nyingi hazina mwaka. Ukiona 1780, na ukingoni IUSTITIA ET CLEMENTIA, hiyo ni ya Maria Theresa, mtawala wa Austria, iliyozagaa zamani kuanzia Muscat hadi Zanzibar. Nzuri, lakini si adimu.

6. Linganisha na picha za minada ya zamani. Ukikuta mkwaruzo uleule mahali palepale kwenye sarafu mbili, angalau moja imetoka kwenye kalibu.