Kuzalisha Miche ya Migomba Nyumbani kwa Tunguu

Mkaaji wa Bukavu mwenye kiwanja kidogo kule Panzi au Bagira anaweza kuzalisha miche ya migomba nyuma ya nyumba yake, mradi awe mkali katika kuchagua tunguu, yaani shina nene la mgomba lililo ardhini. Mnyauko wa bakteria, ulioonekana Masisi, Kivu Kaskazini, mwaka 2001 na kuenea Kivu nzima, hujificha ndani ya mgomba kabla dalili hazijatokea. Kwa hiyo usichukue tunguu katika shamba lolote ambamo hata mgomba mmoja umeivisha ndizi kabla ya wakati, au umetoa usaha wa manjano ulipokatwa. Kataa pia shamba lenye migomba iliyodumaa, ambayo majani yake yamesongamana kileleni, kwani hivyo ni virusi na hakuna dawa ya kuviondoa.

Ng'oa chipukizi nene lenye majani membamba, ukate mizizi yote na kumenya ganda la nje mpaka nyama nyeupe itokee. Ukikuta vijia vyeusi vya fukusi, litupe. Lililo safi litumbukize katika maji yanayochemka kwa sekunde 30, kisha lianike kivulini. Kisu kipitishe motoni kabla ya kugusa tunguu jingine. Hili halina msamaha.

Kazi inayofuata yataka subira. Bandua magamba ya majani moja baada ya jingine, ukiyakata milimita 2 hivi juu ya mahali yanapoungana na tunguu, na chini ya kila gamba utaona jicho dogo jeupe, laini, ambalo ncha ya kisu haipaswi kuligusa. Ukifika katikati, kata kiini kwa alama ya msalaba, kwa sababu kikibaki hai macho ya pembeni hayataamka.

Unga wa mbao isiyotiwa dawa hupatikana kwa maseremala. Uchemshe, uache upoe, ufukie tunguu kwa sentimita 5, unyeshee, kisha ufunike kwa nailoni mahali penye kivuli. Machipukizi hutokea baada ya wiki 3 hadi 5, na baridi ya Bukavu huweza kuyachelewesha. Kila moja likipata majani 3 na mizizi yake, likate pamoja na kipande cha tunguu, ulitie katika mfuko wa udongo na samadi iliyooza, ulitunze kivulini kwa miezi 2 hivi. Pima muda huo ili miche iwe tayari mvua za Septemba zinapoanza, ukaipande kwa nafasi ya mita 3.