Namna ya kuanzisha meza ya vitabu mchanganyiko mtaani kwako

Hapa Magomeni, Bagamoyo, wananiita Mama Vitabu. Meza yangu iko barazani, futi sita kwa tatu, na nyuma yake pana kabati la milango miwili. Nauza na kuazimisha. Ukipita saa kumi jioni utakuta kitabu cha ufugaji wa kuku kimelala ubavuni mwa tamthiliya, mwongozo wa kulima mihogo karibu na hadithi za watoto, kamusi, mapishi, mambo ya ndoa na mirathi. Nitaeleza ninavyofanya, maana natamani kila mtaa upate meza ya namna hii.

Usianze na vitabu, anza na daftari. Kabla sijanunua hata kimoja nilikaa miezi miwili nikiandika kila nililosikia watu wanauliza, sokoni, bombani, hata msibani. Watu hawaji na majina ya vitabu, kwa hiyo niliandika shida yenyewe kwa maneno yao: "kuku wangu wanapinda shingo", "mtoto ana mtihani wa Kiswahili", "tunatafuta mchezo wa kuigiza wa watu wanne". Hilo la mwisho ni la Bagamoyo hasa. Chuo cha sanaa kimekuwa hapa tangu 1981, siku hizi kinaitwa TaSUBa, na wanafunzi wake wamepanga vyumba humuhumu mitaani kwetu. Mji wako nao una watu wake, daftari litakuonyesha.

Kununua ndiko kwenye hatari. Mwaka wa kwanza nilibeba kutoka Dar boksi zima la vitabu vya kuku, ishirini, vipya, bei nzuri, bila kufungua hata kimoja. Kufika nyumbani nakuta baada ya ukurasa wa 32 unarudi wa 17. Kitabu huunganishwa kwa mafungu, na mara nyingi fungu moja lina kurasa 16. Hapo fungu la pili liliwekwa mara mbili, na la tatu, ukurasa wa 33 hadi 48, halikuwekwa kabisa. Magonjwa yote ya kuku yalikuwa humo. Aliyeniuzia hakukubali kuvichukua tena. Tangu siku ile nafungua kila kitabu kwenye maungio, 16 na 17, 32 na 33, 48 na 49, hivyo hivyo hadi mwisho, halafu navuta jalada taratibu nione kama gundi imeshika. Ni dakika moja tu kwa kitabu.

Kisha soma. Si chote, ila soma mahali panapouma. Kitabu cha kuku nakipima kwa mdondo, ule ambao wengine huuita kideri. Mdondo unaletwa na virusi, hauna dawa ya kuutibu, kinga yake ni chanjo. Mwandishi akikwambia mpe kuku mgonjwa kidonge fulani atapona mdondo, rudisha kitabu hicho, hata kiwe na picha za rangi, maana kitamfilisi mtu. Kizuri kitamweleza mfugaji wa kienyeji kwamba ipo chanjo ya tone moja la jicho, na kwamba anapaswa kuirudia kila baada ya miezi mitatu. Kipimo changu cha pili ni ulezi wa vifaranga. Vingi vinaandika nyuzi joto 32 hadi 35 kwa wiki ya kwanza, na ni kweli, lakini nani huku ana kipimajoto bandani? Mimi natafuta kile kinachoongeza kwamba vifaranga wakirundikana chini ya taa wanasikia baridi, wakikimbilia ukutani huku wamefungua midomo wanasikia joto, na wakitawanyika wanakula kimya kimya, joto limekaa sawa. Mwandishi wa namna hiyo ameshawahi kuchuchumaa bandani.

Tamthiliya nayo ina kipimo chake. Funika majina ya wahusika kwa kiganja, soma ukurasa mmoja kwa sauti. Kama hujui nani anasema, maana mzee, binti na polisi wote wanaongea sauti moja, vijana wa jukwaani hawataichukua. Hesabu wahusika pia, uandike idadi kwa penseli ndani ya jalada. Ndilo swali la kwanza utakaloulizwa. Na ununue nakala mbili au tatu, kwa sababu mchezo hausomwi na mtu mmoja. Kutoa kopi kitabu kizima usikubali kamwe, ni kumnyang'anya mwandishi jasho lake.

Kupanga sasa. Zamani nilitenga, kilimo huku, fasihi kule, na kila mtu aliishia upande wake. Nikavichanganya. Siku moja alikuja mama kutoka Kiromo, kuku wake wamekufa tisa kwa wiki moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na kuku."

Nikampa kitabu. Kilichokuwa ubavuni mwake ni Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ile tamthiliya ya 1969 kuhusu vita vya Majimaji. Akaiinua, akageuza geuza. "Huyu si ndiye yule wa maji? Babu yangu wa Kilwa alikuwa akitusimulia." Akaondoka na vyote viwili. Cha kuku alikirudisha baada ya wiki mbili, na kwenye kurasa za vifaranga nikakuta chembe za maranda, nikajua kimesomewa bandani. Tamthiliya aliomba wiki nyingine, watoto walikuwa wanagawana sehemu na kusomeana usiku. Kwa hiyo weka kitu cha shida ya leo karibu na kitu cha moyo.

Azima yangu ni shilingi 500 kwa wiki. Naandika jina, mtaa na tarehe ya kurudisha. Simdai mtu kitambulisho. Akichelewa namtumia salamu tu kwa mtu wa mtaa wake. Vitabu vya mtihani siazimishi, nauza tu, kwani vikitoka havirudi hadi mtihani upite.

Kwetu adui mkubwa ni hewa ya bahari, hasa masika. Kabati liwe mbali na ukuta vidole vinne, miguu yake isimame ndani ya makopo yenye oili chafu ili mchwa wasipande, na vitabu visibanane. Jua likitoka, visimamishe kivulini vikiwa wazi, visipigwe na jua lenyewe, litababua majalada. Kikilowa kabisa, tia kipande cha gazeti kila baada ya kurasa chache, badilisha gazeti likishiba maji, na kikikaribia kukauka kilaze chini ya tofali mbili hadi asubuhi.