Mzee ana mpira wa kulishia puani: kabla hujamimina uji

Mimi ni muuguzi, na wagonjwa wangu wengi ni wazee waliopata kiharusi wakashindwa kumeza. Siku ya kuruhusiwa, ndugu huniuliza kwanza mzee atakula nini. Mimi nawarudisha kwenye mpira: ncha yake iko wapi?

Mpira hupitia puani kwenda tumboni, lakini unaweza kuingia njia ya hewa, na mzee wa kiharusi pengine asikohoe hata kidogo. Kwa hiyo kuuweka ni kazi ya aliyesomea. Tunapima toka ncha ya pua hadi kwenye ndewe, kisha hadi chembe cha moyo, tunatia alama. Ukishaingia tunavuta majimaji na kuyapima kwa karatasi ya pH, yaani ya kupima asidi; 5.5 kushuka chini ni dalili ya tumboni. Tukiwa na shaka, tunapiga eksirei. Kupuliza hewa na kusikiliza tumbo hakutoshi, maana mlio husikika hata mpira ukiwa pabaya.

Nyumbani, kila mlo anza kwa kutazama alama puani. Imesogea? Plasta imebanduka? Ametapika, au amekohoa sana? Usimimine hata maji. Usiusukume mwenyewe; mrudisheni hospitali.

Alama ikiwa mahali pake, mkalishe, au mwegemeze kwenye mito akae nusu wima. Vuta na upime kama ulivyofundishwa. Toa kisukumio cha sirinji, ichomeke kwenye mpira, mimina maji mililita 30, halafu uji mwembamba uliochujwa vizuri, wa vuguvugu. Uache ushuke wenyewe. Ukienda kasi atatapika, na matapishi yatampalia. Malizia kwa maji mililita 30 mpira usizibe. Abaki ameketi saa nzima, hata akiomba kulala.

Dawa saga moja moja, ukisafisha mpira kwa maji kati yake. Muulize mfamasia kwanza, kwani vidonge vya kufanya kazi polepole havisagwi.

Mpigisheni mswaki kila siku. Mdomo usiokula huchafuka, na mate machafu yakishuka mapafuni huleta nimonia.

Wiki zikizidi nne hivi, ulizeni kuhusu mrija unaopitishwa kwenye ngozi ya tumbo, pua itapumzika.

Kwa mzee ambaye ugonjwa wa kusahau umefika mbali sana, mpira haujaonekana kumrefushia maisha, na wengi huung'oa hadi wafungwe mikono. Mimi naona kijiko na subira vinamfaa zaidi. Hilo lizungumzeni na daktari kabla mpira haujawekwa.